Luciana na Mtaro wa Mwaloni

Luciana hakuwa mtu wa maneno, alikuwa mtu wa samaki. Kambare alimbanika kwa moshi wa taratibu siku mbili nzima, akampanga tengani, akambeba kichwani mpaka gulio la Ulemo. Aliyemwambia samaki wake hawajakauka vizuri alikuwa anatafuta ugomvi, na aliupata.

Mume alishafariki, watoto hakujaliwa. Mtu wake duniani alikuwa mdogo wake Ezekieli, aliyemlea tangu mama yao alipofariki na kumsomesha kwa kambare hao hao. Mwaka wa sabini na nne, watu walipohamishwa kutoka kwenye mashamba yao ya zamani na kupangwa mistari kando ya Ziwa Kitangiri, Ezekieli akachaguliwa mwenyekiti wa kijiji. Luciana alitembea kifua mbele mwezi mzima. Nani asingevimba?

Kijiji kilikuwa na mwalo mmoja tu. Kwingine kote ufukweni ni matete na tope la kumzamisha mtu hadi kiunoni, lakini pale mchanga ulikuwa mgumu. Mitumbwi iliegeshwa pale, nyavu zilianikwa pale, wanawake walinunua samaki pale. Jumapili baada ya ibada vijana walishindana kupiga makasia, watoto wakaoga, na wakubwa wakakaa mchangani kula viazi na kuwacheka walioshindwa. Mwalo haukuwa na mwenyewe, na hakuna aliyewahi kufikiri kwamba ungeweza kuwa naye.

Mwaka uliofuata, mwezi wa kumi, ukaitishwa mkutano uwanja wa shule, jua la kupasua utosi. Katibu akasoma: shamba la mpunga la kijiji lizungushiwe uzio wa minyaa, kuanzia kilima cha mawe hadi mdomo wa mto. Ezekieli akasema wanaokubali wanyooshe mikono. Mikono yote ikapanda. Siku hizo ilikuwa hivyo, mkono ulitangulia, akili ikafuata baadaye ikiwa na nafasi. Luciana alinyoosha wake wa kwanza, tena akauacha juu kuliko wenzake, kwa kuwa aliyekuwa akiuliza ni mdogo wake.

Wakiwa njiani kurudi, Simeoni, mvuvi mzee kuliko wote pale, akamsogelea. "Luciana, umeelewa ulichonyooshea mkono? Kilima cha mawe hadi mdomo wa mto. Katikati kuna nini?"

Luciana akasimama. Katikati kulikuwa na mwalo.

Mengine aliyapata kwa kuulizauliza. Uzio ungekuwa na lango moja, na ufunguo angekaa nao Bonifasi, mfanyabiashara mwenye lori, rafiki wa Ezekieli. Samaki wote wangenunuliwa na yeye. Wanawake wa matenga wangekaa nje ya minyaa wakinusa.

Na mnyaa si mti wa kuchezea. Unachomeka kipandikizi kwenye udongo mkavu kabisa, kinangoja. Mvua ikinyesha mara mbili, kimeshika. Na kwa watu wa pale, mpaka ulioshika mizizi hauong'olewi, ni mwiko. Hata anayeuchukia atauzunguka yeye, na wajukuu zake watauzunguka. Mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya upande wa Sekenke.

Jioni Luciana akaenda kwa mdogo wake.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Ezekieli, umefunga mwalo."

"Sikuufunga mimi, umefungwa na mkutano. Na mkono wako niliuona, dada. Ulikuwa wa kwanza."

Lilimchoma neno hilo, maana lilikuwa la kweli. "Basi niliteleza. Itisha mkutano mwingine tuliondoe azimio hilo."

"Azimio limeshakwenda wilayani. Wanataka ekari, na mimi nimeahidi ekari. Anayepinga shamba la kijiji unajua anaitwaje? Mhujumu. Usinifanye nikuite hivyo mbele ya watu."

Luciana akatambua kwamba mdogo wake alikuwa na hofu kuliko yeye. Alimwonea huruma, kisha akaudhika kwa kumwonea huruma.

"Azimio huvunjwa na nini?"

"Na mkutano. Na mkutano naitisha mimi."

Siku ya kupanda, kijiji kizima kiliitwa kwa majina, mmoja mmoja, Katibu akitia alama. Mtaro ulikuwa umeshachimbwa. Watu walianza kupanda kutoka pande zote mbili, na ilipofika saa nne uzio ulikuwa umekaribia kukutana mwaloni. Likabaki pengo la hatua kumi, mitumbwi ikionekana nyuma yake. Luciana akaweka tenga chini, akashuka mtaroni, akakaa, miguu ameinyoosha.

Majembe yakanyamaza.

"Ndugu Luciana," Ezekieli akasema kwa sauti ya mkutanoni, "toka hapo."

"Kijiji kizima kipo hapa, Mwenyekiti. Umekiita kwa majina. Huu ni mkutano, na mimi nina swali moja." Akawageukia watu. "Anayetaka mwalo ufungwe anyooshe mkono."

Hakuwauliza wanaopinga. Mwanamke huyo hakwenda shule, lakini kijiji chake alikijua. Kumpinga mwenyekiti kwa kunyoosha mkono, nani angethubutu? Ila kuacha mkono chini, hilo hata mwoga anaweza. Simeoni akatazama ziwa. Wanawake wakatazama vidole vya miguu yao. Bonifasi, aliyesimama kando ya lori lake, alianza kuinua mkono, kisha akakumbuka kwamba yeye si wa kijiji kile.

Hakuna mkono uliopanda.

"Mtoe," Ezekieli akamwamuru Mughwai, kijana wa mgambo.

Mughwai alishika rungu lake, akalihamishia mkono wa pili. "Nimtoe kwa azimio lipi, Mwenyekiti?"

Uso wa Ezekieli ukasawijika. Akachukua jembe mwenyewe, akachomeka kipandikizi cha kwanza karibu na nyayo za dada yake, akavuta udongo. Udongo ukaanguka juu ya vidole vya Luciana. Akavuta tena, ukafunika vifundo. Utomvu mweupe wa mnyaa ulidondoka kwenye kanga yake. Jembe la tatu lilifika magotini, na Luciana hakuondoa mguu.

"Dada, inuka." Sasa ilikuwa sauti ya nyumbani.

"Panda, baba. Mimi nimeshakaa."

Ezekieli aliinua jembe, likakaa hewani. Alikuwa akilia, na kila mtu alimwona akilia, jambo ambalo mwanamume wa kule hasamehewi upesi. Akalitupa jembe. "Katibu, andika. Mwalo uachwe wazi." Akaondoka bila kumtazama mtu.

Usiku huo huo mvua ikanyesha, na usiku uliofuata ikanyesha tena. Uzio ukashika pande zote mbili, na pengo likabaki wazi. Kabla ya Pasaka wilaya ilikwishamwondoa Ezekieli kwenye uenyekiti, kwa ekari alizoahidi zisizotimia na kwa aibu ile. Akahamia Itigi, akapata kazi ya kupakia mizigo stesheni. Hakumuaga dada yake.

Kila msimu Luciana alimchagulia kambare mkubwa kuliko wote, akambanika siku tatu badala ya mbili, akamtuma kwa mtu anayesafiri kwenda Itigi. Mara ya kwanza samaki alirudi, Ezekieli amemkataa. Mara ya pili alirudi. Luciana aliendelea kutuma, miaka kumi na moja, na waliobeba wakaona haya kumwambia kwamba siku hizi wanamla wenyewe njiani.

Jumapili vijana walishindana makasia pale pale, na mara kwa mara mmoja wao alikuja kumshukuru mama aliyeuokoa mwalo. Alikasirika kila alipoambiwa hivyo. "Mwalo ni wenu wote," alisema. "Mdogo wangu alikuwa wangu peke yangu."