Gauni la Mjerumani, Pembe za Nani?

Saa kumi na moja alfajiri, kabla majogoo wa mji wetu wa Okakarara, Namibia, hawajakubaliana nani aanze, Kaviruru Hengari ameshaketi sakafuni, miguu ameinyoosha, anaviringisha magazeti ya zamani.

Anayakaza, anayavisha kitambaa, kisha anayatandaza kulia na kushoto. Hizo ndizo pembe za kilemba. Bila magazeti pembe hulegea, na mwanamke wa Kiherero mwenye pembe zilizolegea heri abaki nyumbani asingizie mafua.

"Andika vizuri," ananionya mimi mwenye daftari, bila kuinua macho. "Ukiandika ovyo nitakuviringisha na wewe."

Mama huyu wa miaka sitini na moja hushona magauni yetu marefu: mita kumi za kitambaa, sketi za ndani moja juu ya nyingine, mikono iliyofura mabegani. Gauni moja humwachia kama dola elfu moja na mia tano za Namibia. Amesomesha wanawe kwa cherehani hiyo, na hakuwahi kuliuliza gauni limetoka wapi.

Mpaka alipokuja Rijatua.

Rijatua ni mwalimu wa shule ya msingi huko Windhoek, na alikuwa aolewe Jumamosi. Gauni refu huvaliwa rasmi siku ya ndoa. Bibi harusi akifika kwa wakwe bila kilemba, wakwe huuliza kama mke mwenyewe bado yuko njiani. Shangazi yake, Vezuva, ndiye aliyeagiza gauni, jekundu.

Siku ya kujaribu, binti akasimama mbele ya kioo.

"Mama, hili sivai."

"Linabana?"

"Halibani. Ni la Wajerumani."

Kaviruru alikuwa na pini mdomoni. Anasema almanusura azimeze.

Binti akaeleza kama yuko darasani. Walianza wamisionari, wakawaambia mabibi zetu wajifunike. Wakaja wafanyabiashara. Kisha wakaja askari na walowezi, maana walikuwa wameyaona majani na visima, wakavitaka kwa ng'ombe wao. Waherero walipoinuka mwaka 1904 walipigwa hapa hapa karibu, chini ya mlima, wakasukumwa jangwani Omaheke wafe kwa kiu.

"Halafu sisi tunavaa nguo za wake zao, na maringo juu!"

"Sasa uolewe na nini?" Shangazi Vezuva akadakia. "Jinzi?"

"Ngozi. Kama bibi wa mabibi."

"Bibi wa mabibi alikuwa na kiuno! Wewe umekulia maandazi!"

Kisha akamgeukia mshonaji. "Na wewe, huyu asipovaa Jumamosi, nitatangaza mji mzima kwamba Kaviruru ndiye aliyemtoa bibi harusi uchi."

Kwa mshonaji, hayo si matani. Jina likichafuka harusi moja, harusi nyingine hupita mbali na mlango wako.

Kaviruru akaazima ngozi ya mbuzi kwa jirani. Cherehani ikavunja sindano, ikakohoa, ikanyamaza. Akatoka kuwauliza wazee gauni lilitoka wapi. Mmoja akasema gauni lilitoka kwa mke wa mmisionari. Wa pili akasema mabibi walilivaa kama wanaume walivyovaa sare za adui, ili wamnyonye nguvu. Wa tatu, ajuza asiye na meno, akasema, "Kulikuwa na baridi."

Ijumaa akamrudisha Rijatua mbele ya kioo, gauni juu ya jinzi zake, kilemba kichwani.

"Haya, tumvue huyo Mjerumani. Nionyeshe kipi chake. Mikono?"

"Yake."

Akachomoa pini, mikono ikaanguka.

"Sketi za ndani?"

"Zake."

Zikaanguka.

"Kitambaa?"

Rijatua akasoma maandishi ukingoni. "Cha China."

"Huyo naye kafika lini!" Shangazi akalalama.

Mwishowe binti akabaki na blauzi, jinzi na kilemba. Shangazi akaziba macho.

"Na pembe?" Kaviruru akauliza.

Rijatua akajitazama sana. "Wanawake wao hawakuwa na pembe."

"Hawakuwa. Nimeona picha zao, vichwa kama mayai."

"Unajua, mama, baada ya vita walitutungia sheria. Mherero haruhusiwi kumiliki ardhi wala ng'ombe, mpaka gavana akubali."

"Hata mmoja?"

"Hata ndama."

Hilo Kaviruru hakuwahi kulisikia. Akaweka mkasi chini. Marehemu baba yake aliyakumbuka majina ya ng'ombe wake wote, ya watoto wake akiyachanganya.

"Kwa hiyo labda kuna mwanamke aliyesema, basi, ng'ombe wangu nitamweka kichwani tuone nani atampokonya?"

"Labda. Vitabuni sijamwona."

"Jina lake?"

"Sijui, mama."

"Hata mimi sijui," akasema Kaviruru.

Kisha Rijatua akanyoosha mikono. "Nirudishie gauni. Ila pembe uziongeze."

"Kiasi gani?"

"Mpaka zimsumbue mtu."

Jumamosi zikamsumbua mchungaji. Mlango wa kanisa la zamani, walioujenga wamisionari, ni mwembamba. Bibi harusi akafika, pembe zikagonga kulia na kushoto. Akasimama. Vigelegele vikakatika.

"Geuka kidogo, binti, uingie kiubavu," mchungaji akanong'ona.

"Kiubavu?" Sauti ilikuwa ya Shangazi Vezuva. "Mwanangu si kaa! Toka wewe huko ndani, baba mchungaji, uwafungishe hapa nje."

Akatoka. Ndoa ikafungwa juani. Mama mkwe akamzunguka bibi harusi polepole, akizitazama zile pembe upande huu na upande ule.

"Huyu kaja na ng'ombe wengi," akasema, akamshika mkono.

Tangu hapo mabinti wanne wameagiza pembe pana. Kaviruru amenunua sindano nene ya kushonea ngozi, anajifunza taratibu na kujichoma mara nyingi. Lakini mpango wake mkubwa ni mwingine: anataka mlango wa kanisa upanuliwe, bibi harusi wake anayefuata aingie uso mbele.

Baraza la kanisa limekwisha kumjibu kwamba ukuta ule ni wa kihistoria.

"Nikawaambia na mimi ni wa kihistoria," anasema.

Juzi amempeleka fundi mwashi kuupima mlango. Mchungaji amewasaidia kushika utepe wa kupimia. Ameambiwa ni kwa ajili ya pazia.