Pasi Mbili za Mlima Tarbox

Claudette Pelkey hakuwa mtu wa machozi ya karibu. Miaka ya nyuma mama yake alifariki Januari, mwili ukahifadhiwa mpaka Mei ardhi iliyoganda barafu ilipolainika, na Claudette alilia siku moja tu, ile ya kuzika. Wanawake wa Tarbox, mji mdogo wa Vermont, walimwita jiwe, naye hakuona kama ametukanwa. Kwa hiyo Jumapili ile ya Aprili, alipoacha utomvu mtamu wa miti ukichemka jikoni ugeuke asali ya miti, akatoka nje na kulia nyuma ya banda la kuni, hata mumewe asingeamini kama angemwona.

Mumewe mwenyewe ndiye aliyemliza, kwa maneno mawili, mdomo umejaa donati.

"Nunua moja."

Alikuwa anazungumzia pasi za msimu. Kila mwaka theluji ya mwisho inapogeuka tope, kampuni yenye mlima huanza kuuza ruhusa ya kuteleza thelujini kwa skii, zile mbao ndefu za miguuni, msimu unaofuata, na anayewahi hulipa nafuu. Ukichelewa, bei inapanda. Ukichelewa tena, inapanda tena, mpaka Desemba, ambapo wanaoimudu ni madaktari wa Boston. Mwaka huo mwisho wa nafuu ulikuwa Jumatatu saa kumi na moja jioni, na ukishalipa umelipa, hela hairudi. Mtu wa miaka thelathini hununua pasi yake Aprili bila kufikiri. Mtu wa miaka sabini na minane kama Royce akinunua Aprili, anakuwa ametamka kwamba Desemba itamkuta hai.

Miaka yote walinunua mbili. Sasa Royce alisema moja, tena bila hata kuinua macho kwenye sahani.

Walikutana kwenye mlima huo huo. Claudette alikuwa na miaka ishirini na mmoja, ameshuka kutoka vijiji vya mpakani na Kanada kuja kuosha vyombo kwenye jengo la wageni. Skii alijifunza kwa viatu vya kuazima vilivyompwaya mpaka akavijaza soksi za watu watatu. Akaupenda mchezo ule kama mtu anavyopenda kosa lake mwenyewe. Siku hizo lifti ya kupandisha watu mlimani ilikuwa ya viti vya watu wawili wawili, vinavyoning'inia kwenye kamba, na aliyekuja peke yake alipaza sauti kwenye foleni, "Mmoja!", ili apate wa kukaa naye, kiti kisiende na nafasi wazi. Claudette akaita, "Mmoja!" Nyuma yake sauti nzito ikajibu, "Mmoja!" Alikuwa Royce, fundi wa lifti, yuko mapumziko, mikono imejaa grisi.

Wakakaa. Royce hakusema kitu hadi nusu ya safari. Kisha akanyoosha kidole kwenye nguzo, kwa magurudumu yanayopitisha kamba.

"Roda ya nane inalia. Unaisikia?"

Claudette alijisemea, huyu ni mjinga. Walipofika juu alikuwa anacheka hata akasahau kushuka, lifti ikabidi isimamishwe kwa ajili yake. Walioana mwaka uliofuata, msimu wa matope, maana watu wa Tarbox hawana nafasi ya kuoana msimu mwingine. Yeye akawa mpishi wa shule, Royce akabaki na roda zake miaka thelathini na mmoja. Binti zao wawili, Denise na mdogo wake, walikua wakahamia mbali, kama mabinti wa Vermont wanavyofanya, na wazee wakabaki na jiko la kuni, ndoo za utomvu, na mlima.

Mlima ulikuwa wa bwana mmoja mzawa, Alden Thrall. Huyo aliahidi kwamba atakayemfanyia kazi miaka thelathini atapanda bure mpaka kufa. Walipeana mikono, basi, wala hakuna aliyedai karatasi. Ahadi ni deni, lakini deni halina nguvu mwenye kuahidi akishauza mlima na kuhamia Florida. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni wa Tarbox, kampuni iliyonunua mlima, alikuja na wanasheria sita, na mwenyeji akaanza kuumwa mfuko.

Mwaka wa kwanza wa kampuni, pasi ya mzee ilikuwa dola mia tatu na themanini. Kila Machi ikaja barua inayoanza, "Ndugu mwanafamilia wa mlima," na chini yake bei mpya.

"Mtu ambaye humjui akikuita ndugu," Royce alikuwa akisema, "shika mfuko wako."

Mwaka huu barua ilisema punguzo la wazee limeondolewa, na pasi ni dola mia tisa na sitini. Sababu waliieleza kwa furaha kubwa: wanajenga lifti mpya, ya kisasa, ya kasi. Dukani watu waliisoma kwa sauti ya dhihaka na kuapa kwamba safari hii hawanunui. Walikuwa wameapa vivyo hivyo mwaka uliopita.

Lakini Claudette hakuwa analilia bei. Alikuwa analilia Januari ya mwaka huu. Januari walikuwa wanateremka kama kawaida, yeye mbele, na alipogeuka hakumwona. Alipanda kwa hatua za upande, skii miguuni, akamkuta Royce amekaa kwenye theluji, uso rangi ya majivu, amekumbatia goti kama mtu anayesubiri basi. "Napumzika tu," alisema. Daktari aliusikiliza moyo, akaandika vidonge, akasema waende polepole. Tangu hapo Royce hakulizungumzia jambo hilo, na Claudette hakuuliza, kwa sababu kuna maswali ambayo ukishayauliza unalazimika kusikia jibu.

Jumatatu alivaa viatu vya matope akaenda hadi kibanda cha tiketi. Binti zake walikuwa wamemwelekeza jinsi ya kununua kwa simu, lakini yeye aliamini kwamba mtu akitaka kumnyang'anya fedha zake, angalau amtazame usoni. Kwenye dirisha alikuwepo Luanne Sprague, ambaye watoto wake walisoma chekechea moja na mabinti wa Claudette, na ambaye amegombana naye kwa mambo yasiyohesabika.

"Umekuja dakika za mwisho kama kawaida yako," Luanne alisema. "Mmoja au wawili, shoga?"

Claudette alitoa bahasha mfukoni. Ndani yake mlikuwa na fedha walizoziweka miaka miwili kwa ajili ya paa la jikoni. Zilitosha pasi mbili na kubaki kidogo. Alifikiria foleni ya Desemba, yeye peke yake na skii zake, akiita lile neno kama msichana wa miaka ishirini na mmoja, ila sasa akiwa na sabini na mitatu na hakuna wa kumjibu.

"Wawili," alisema.

"Royce anaendeleaje lakini?"

"Nimesema wawili, Luanne. Mbona hujaniuliza paa langu linaendeleaje?"

"Haya mama, usiniume." Luanne aligonga kwenye kompyuta, kisha akasita. "Lakini unajua hazirudishwi. Hata kama mtu, Mungu apishe mbali..."

"Hata kama mtu amekufa. Nimesoma. Herufi ndogo, lakini miwani ninayo."

Luanne alipokea fedha. Akampa risiti, na kabla hajaiachia akamshika mkono kidogo, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu mazishi ya mama yake Claudette.

Royce alikuwa mezani akinoa kisu alipoingia. Claudette aliweka risiti mbele yake, akavua viatu, akasimama na mikono kiunoni.

Royce akaisoma mara mbili. "Nilisema moja."

"Nilisikia."

"Na paa?"

"Tutakinga ndoo. Ndoo tunazo mia moja na ishirini."

"Claudette..."

"Usinianze! Hutanifia kwa ajili ya kubana matumizi, Royce Pelkey. Nimeshalipa, na hela yao hairudi. Sasa Desemba utafika, utake usitake!"

Royce aliweka kisu chini. Alimtazama mkewe, jiwe la Tarbox, machozi yanamchuruzika hadi kwenye kola, na kwanza akashangaa, kisha akaanza kucheka, akacheka hadi akakohoa.

"Kumbe ulidhani nakuaga?"

"Nidhani nini sasa? Umesema nunua moja!"

"Nimesema hivyo kwa sababu wanaing'oa lifti yangu, mwanamke!" Akaivuta ile barua ya kampuni iliyokuwa chini ya bakuli la sukari. "Juni wanaing'oa. Soma hapa. Lifti yangu ilipanda kwa dakika kumi na moja, wewe na mimi. Hii yao inapanda kwa dakika nne, na benchi ni la watu sita. Dola zinaongezwa, dakika zinapunguzwa. Mimi nikalipie nini huko?"

"Skii, Royce. Watu hulipia kuteleza."

Royce alijikuna shingo. Alionekana kama mtu aliyefumaniwa.

"Mimi sijawahi kupenda kuteleza," alisema.

"Nini?"

"Magoti yananiuma tangu Denise hajazaliwa. Baridi siipendi. Nimeteremka mlima ule miaka hamsini kwa sababu hakuna njia nyingine ya kupanda tena na wewe." Akakiokota kisu, akakirudisha. "Hapa nyumbani una sufuria zako, una redio, una simu za mabinti. Nikianza jambo, unaniambia subiri. Pale juu huna pa kwenda. Dakika kumi na moja ulikuwa unanisikiliza."

Claudette alivuta kiti akakaa. Miaka hamsini. Alitaka kukasirika, akatafuta hasira, hakuiona. Aliona tu kwamba alikuwa anapendwa kwa namna ambayo hakuwahi kuijua, tena kila Jumamosi, mbele ya macho yake.

"Na Januari?" aliuliza mwishowe.

Royce alikisukuma kisu kando.

"Januari niliogopa," alisema. "Hilo nalo lipo. Sikukwambia kwa sababu nikikwambia wewe, linakuwa kweli."

Akamshika mkono. Mkono wa Royce ulinata asali na kunuka grisi, ingawa alikuwa amestaafu miaka mingi. Claudette aliubusu, jambo ambalo hata nyuma ya banda la kuni asingekubali kuonekana akilifanya.

Kampuni iliuza viti vya lifti ya zamani, na nusu ya mji ilinunua kuvitundika barazani. Luanne alimpigia Royce kumuuliza kama amwekee kimoja. Royce alikataa. "Kiti kisichokwenda popote ni benchi," alisema. "Benchi ninalo."

Akafika Desemba. Ilipofunguliwa lifti mpya walikwenda, Claudette na skii begani, Royce mikono mitupu na viatu vya kawaida vya theluji.

"Skii zako ziko wapi?"

"Leo nakusindikiza tu."

Claudette alihamisha skii bega la pili. Roho ilimnyong'onyea, lakini alijiambia kwamba kusindikizwa si haba. Kila mmoja alipitisha pasi yake langoni, lango likalia, wakakaa kwenye benchi la watu sita pamoja na vijana wanne wa mjini waliokuwa wakipiga kelele kuhusu chakula cha jioni. Mlima ukapita kwa kasi. Royce hakusema lolote. Claudette alihesabu, na kweli zilikuwa dakika nne.

Juu theluji ilikuwa imeanguka usiku kucha. Ilitanda mpaka kwenye misonobari, hakuna aliyeikanyaga, aina ile ambayo Claudette huiota Agosti. Vijana wanne walishuka nayo wakipiga vigelegele.

"Nenda," Royce alisema. "Mimi nashuka kwa kiti. Tutaonana chini."

Claudette alikaza viatu, akateleza hatua tatu hadi ukingoni. Alikuwa amelipia. Jiko lake lilikuwa na ndoo tatu sakafuni kwa ajili ya theluji hii. Akaitazama sana, akaaga kimoyomoyo, kisha akainama akafungua skii, moja, na ya pili.

Mama aliyesimamia lifti huko juu alishtuka. "Bibi, na wewe? Umeumia?"

"Sijaumia. Nashuka na mzee wangu."

Yule mama aliinua simu ya kuita kituo cha chini. "Wazee wawili wanashuka kwa kiti," alisema. Mara mngurumo wa lifti ukateremka. Kamba ikapunguza mwendo, viti vyote vikapunguza, vikawa vinakwenda taratibu kama ng'ombe wanaorudi zizini. Wakakaa peke yao kwenye benchi la watu sita. Asubuhi kama ile nani mwingine angeshuka kwa kiti?

Royce alikuwa anarekebisha glavu zake kwa makini mno, uso wa mtu asiye na hatia.

Claudette akamgeukia. "Ulijua."

"Kanuni ni kanuni. Anayeshuka kwa kiti, mashine inapunguzwa mpaka afike. Nimeipunguzia watu miaka thelathini na mmoja."

"Royce Pelkey, ulijua tangu lini?"

"Tangu uliponiletea ile risiti. Umelipa dola elfu mbili kasoro themanini, nikaona nisiache zipotee bure."

Viti vya wanaopanda vilipita pembeni yao polepole, vimejaa watu wenye majaketi ya bei ya ng'ombe, wakitazama saa na kulalamika. Mmoja alipaza sauti, "Mzee! Imeharibika?"

"Haijaharibika!" Royce alijibu kwa sauti yote aliyokuwa nayo. "Tunaongea!"

Kisha akamgeukia mkewe na kuanza habari ndefu ya Luanne na mbwa wake, ambayo alikuwa ameiweka tangu Jumanne. Claudette akamsogelea, akapandisha kofia yake masikio yawe wazi, akamsikiliza mpaka chini.