Jani la Isale Nililokataa Kulipokea

Siku ile naikumbuka, mwanangu, kuliko siku zote nilizopigiwa makofi. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, hapa hapa mtaani Sokon One, nami nilikuwa nalipaka mafuta koti langu la ngozi kwa ajili ya tamasha la mchana. Mlango ukagongwa. Kufungua, namkuta mama yake Eliakimu amesimama na jani la isale mkononi.

Eliakimu alikuwa mpiga gitaa wangu. Tuliianza roki pamoja tukiwa bado vijana wa kwaya ya Kilutheri, wazazi wetu wote wametoka Kilimanjaro, na watu walitucheka kwamba tunapiga kelele za Wazungu. Wiki moja kabla ya siku hiyo, alichelewa kuingia kwenye wimbo, nami nikamsema kwenye maikrofoni, ukumbi mzima ukisikia. Nilisema vidole vyake vimekufa ganzi, akalime mahindi. Akachomoa waya wa gitaa, akashuka jukwaani, akatuacha katikati ya wimbo. Kosa la kwanza lilikuwa langu, lakini ujana, bwana! Nilikuwa nimevimba kichwa, picha yangu imebandikwa kwenye kila nguzo ya mtaa wa Daraja Mbili.

Sasa, kwetu Wachaga jani hilo si pambo. Aliyekukosea akikutumia isale, ugomvi umekwisha hapo, hata kama jana mlishikana mashati. Unalipokea kwa mkono wako na unasamehe. Hayo niliyajua tangu utotoni, hakuna aliyehitaji kunifundisha.

Nikamwamkia mama shikamoo, kisha nikajitia nina haraka. Nikamwambia aliweke mezani, nitaliona nikirudi.

"Hili haliwekwi mezani, baba," alisema. "Mwenzako amekubali kosa lake. Lipokee."

Nikamwambia gari linanisubiri. Uongo mtupu. Gari lilikuja baada ya saa nzima, na saa hiyo yote nilikuwa nimekaa kitandani nimevaa koti. Yule mama akalifunga jani kwenye kitenge chake, akaenda zake.

Basi nikaimba. Zaidi ya miaka arobaini nimeimba, na wapiga gitaa nimebadilisha sijui wangapi, wengine wazuri kumzidi yeye. Spika zikishazimwa, kila mtu anakwenda kwake. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniambia kwamba leo nimeimba vibaya. Eliakimu alikuwa akiniambia, nakasirika, nanuna, na kesho yake naimba vizuri. Leo wananiita lejendari. Lejendari mwenyewe anachemsha ndizi zake peke yake, anakula akisikiliza redio ya jirani. Upweke unaniuma, mwanangu, sikufichi.

Mwaka huu, baada ya Pasaka, nikapiga moyo konde nikaenda Ngaramtoni, anakoishi Eliakimu siku hizi na wajukuu zake. Nilimkuta anamwagilia mboga. Mama yake alishafariki zamani, na hata mazishini sikwenda, niliona haya. Nikaomba radhi pale pale kwenye matuta, nikalia, mzee mzima na mvi zangu. Akaniletea kiti na chai. Nikamwomba turudi mazoezini, hata kwa wimbo mmoja tu.

"Nilishakusamehe, ndugu yangu," akasema. "Lakini gitaa sipigi tena. Nilikusubiri mwaka mzima, halafu nikazoea kuishi bila wewe."

Hakusema kwa hasira, na hapo ndipo paliponichoma. Tukamaliza chai, tukazungumza habari za mvua, akanisindikiza hadi barabarani.

Kwa hiyo nakwambia waziwazi, mwanangu, wewe unayeanza kupanda jukwaani. Mwenzako akija kukuomba msamaha, mpokee siku hiyo hiyo, na huo ustaa wako uweke pembeni. Kama kosa ni lako, tangulia wewe, usingoje mama wa watu atembee kwa ajili yako. Msamaha wa kuchelewa unapatikana, mimi nimeupata. Mtu mwenyewe ndiye sikumpata.

Mungu akupe sauti ya kudumu. Akupe na mtu wa kukwambia ukweli ukishuka jukwaani, na akupe moyo wa kumvumilia, ili uzeeni usile peke yako.