H Iliyokosekana

Shangazi yangu alisoma prufu, yaani alikagua makosa kabla ya kuchapwa, katika kiwanda cha uchapaji cha serikali kwa miaka thelathini na mmoja. Wenzake walimwita Nukta, kwa sababu hakuna nukta iliyompita. Hata barua za mapenzi za marehemu mumewe, walipokuwa wachumba, alizirudisha zimesahihishwa kwa wino mwekundu. Mume alimwoa hivyo hivyo. Kipendacho roho hula nyama mbichi.

Enzi za utawala wa zamani, kaka yake, yaani baba yangu, alikamatwa kwa kusema kwa kinyozi kwamba rais amezeeka. Rais alikuwa na miaka themanini na mmoja. Mwaka wa tatu ikatoka orodha ya wafungwa wa kuachiwa, na Shangazi, akiisoma mezani kwake, akaona jina la kaka yake limeandikwa kwa R badala ya L. Akaipeleka kwa mkuu wa kiwanda. Mkuu akaandika kwenye kikaratasi, "Fuata nakala," yaani ichapwe kama ilivyoletwa, akatia saini. Ikachapwa na R yake. Gerezani wakasema aliyemo kwenye orodha hawanaye, na waliye naye hayumo kwenye orodha. Baba alifia humo miezi miwili baadaye. Ile R naichukia mpaka leo, wala sioni haya kusema.

Serikali mpya ikaja na wimbo wake: haki, ukweli, maridhiano. Ikaja pia na marekebisho ya katiba, maana wengi wa hao wapya ni wale wale, wamebadili kofia tu. Kifungu cha tisa kilikusudiwa kuwakinga: mtumishi aliyemfunga raia kwa kufuata amri hatashtakiwa. Bunge lilikipitisha kabla ya chakula cha mchana, kwa makofi, bila kukisoma. Rais naye akatia saini. Nakala hiyo yenye saini ilipofika kwa Shangazi, ilisema mtumishi huyo atashtakiwa.

Alikaa na ile karatasi asubuhi nzima, chai ikapoa. Alijua fika walichotaka kusema. Kuweka H ilikuwa kazi ya kufumba na kufumbua, na yeye hakuwahi kuacha kosa kwa hiari yake. Mwishowe akagonga muhuri: IMESOMWA.

Wiki iliyofuata mkuu, yule yule, alimjia na gazeti la serikali mkononi, jasho likimtoka.

"Mama, H iko wapi?"

Shangazi alifungua droo, akatoa kikaratasi kilichogeuka manjano. "Si ulinifundisha mwenyewe, Mkuu? Fuata nakala."

Kuirudisha H kunahitaji theluthi mbili ya wabunge, wakiitwa kwa majina mmoja mmoja mbele ya kamera. Mpaka sasa kila mmoja anamngoja mwenzake aanze. Nani atamfunga paka kengele?

Jana tulipanga foleni mahakamani kufungua kesi ya baba. Karani aliandika jina lake haraka haraka, akageuza daftari tutie saini. Shangazi akavaa miwani.

"Mwanangu, hiyo R ifute. Ni L."

"Ah, mama, si kosa dogo tu hilo?"

"Dogo, ndiyo," alisema Shangazi. "Ndilo lililomuua."