Nywila Iliyoandikwa Kaburini

Fuatino alikuwa mkali, na hakuona sababu ya kumwomba mtu radhi kwa hilo. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa karani wa shule ya kijiji, akigombana na wakaguzi, na wazazi, na hata mchungaji alipochelewesha kengele. Watu wakimwona anakuja walibadilisha njia. Ukoo wake haukumpenda hata kidogo, ila ulimhitaji, kwa sababu ndiye pekee aliyejua kuandika barua ikasomeka.

Kwa hiyo mjomba wake, mkuu wa ukoo, alipofariki na cheo chake kubaki wazi, na binamu yake Penitito akakimbilia mahakama ya ardhi na vyeo kujiandikisha, Fuatino ndiye aliyeandika pingamizi. Alilituma kwa barua pepe yake mwenyewe. Alitaka cheo kiende kwa kaka yake, Aukuso, na Fuatino akitaka jambo hakuna wa kumtoa hapo.

Jumanne asubuhi shangazi yake, Pelenatete, alipanda ndani ya nyumba na ndala zake miguuni, akakanyaga mkeka nazo.

"Umetuuza, wewe mwanamke!"

"Vua ndala kwanza, shangazi. Matusi yatafuata."

"Ndala nitavua nikitaka! Mahakama imempigia Penitito simu. Pingamizi limeondolewa. Barua imetoka kwako Jumamosi saa nne, ina jina lako chini. Mwenzio ameshachagua nguruwe wa sherehe."

"Mimi sijaandika barua yoyote."

"Basi imejiandika yenyewe. Una mpaka Ijumaa saa sita mchana kulirudisha pingamizi, baada ya hapo hawasikilizi mtu. Na nikijua ni wewe, Fuatino, usikanyage kwenye mazishi yangu."

"Sikuwa na mpango huo."

Shangazi alipoondoka, Fuatino alichukua simu akajaribu kufungua barua pepe zake. Nywila ikakataa. Akairudia polepole, herufi moja moja, kama mtu anayemwelekeza mjinga, ikakataa tena. Hasira zilimpanda mpaka masikio yakawa ya moto. Alijifunga kitenge akaenda mjini Salelologa, kwa Etuale fundi simu, ambaye kibanda chake kiko nyuma ya soko.

"Umedukuliwa, mama," Etuale alisema baada ya kubonyeza kidogo. "Mtu ameingia, akaibadilisha nywila, akakufungia nje. Ya zamani ilikuwa nini?"

"Siri yangu."

"Siri gani, wakati mwizi anayo? Sema tu."

Fuatino alitazama pembeni. "Meripa1998."

Etuale aliweka bisibisi chini. "Meripa si marehemu mama yako?"

"Ndiye."

"Aliyezikwa pale mbele ya nyumba yenu? Kaburi la vigae vya buluu, jina na mwaka kwa herufi za dhahabu?"

"Sasa?"

"Sasa nini, mama! Mimi nikipita na pikipiki naisoma nywila yako toka barabarani. Afadhali ungeitangaza kanisani, angalau wengine wangekuwa wamesinzia."

"Unanicheka?"

"Siwezi kukucheka peke yako. Nusu ya kisiwa hiki wanaletwa hapa na nywila za makaburini. Tunawazika wazee mlangoni ili wasitoke moyoni, halafu tunawapa kazi ya ulinzi."

Fuatino alitamani kumpiga kofi, ila simu yake ilikuwa mkononi mwa fundi. Etuale aliomba namba ya uthibitisho, ikaja kwenye simu, na akaunti ikafunguka.

"Weka mpya. Iwe ndefu, maneno manne yasiyohusiana. Asiwe mtoto, usiwe wimbo wa kanisani, asiwe mbwa. Kitu ambacho hakuna mtu mwingine anakijua. Na usiitumie kwingine kokote. Halafu nakuwekea kwamba kila anayetaka kuingia, lazima apate namba kutoka kwenye simu yako."

Ilionekana kazi ndogo. Fuatino alikaa robo saa nzima. Ugonjwa wake ulijulikana. Mwanamume wa mji mkuu, Apia, aliyeahidi kurudi asirudi alijulikana pia, tena watoto walimtungia wimbo. Alichungulia maisha yake yote, miaka hamsini na tisa, akitafuta kitu kimoja tu ambacho ukoo haujakishika, na ilimuuma kuona uhaba wake. Hatimaye akakumbuka jambo aliloliona siku moja akiwa peke yake ufukweni, akaliandika kwa maneno manne, kioo amekifunika kwa kiganja.

"Sasa tumtafute mwizi," alisema Etuale, akafungua orodha ya simu zilizotumika kufungua akaunti. "Ziko mbili. Hii ni yako. Na hii imeandikwa…"

Akasita. Fuatino alisoma mwenyewe: Simu ya Aukuso.

"Mimi sijaona kitu, mama," Etuale alisema taratibu.

"Hujaona," Fuatino alimjibu.

Alimkuta kaka yake shambani, amechutama kwenye magimbi. Aukuso ndiye aliyekuwa akizipaka dhahabu herufi za kaburi la mama yao kila mwaka. Alipomwona dada yake alishuka akakaa chini kabisa, kwenye udongo. Kwao kaka hambishii dada. Humkatia kipande cha kwanza cha samaki, na neno lake halirudishwi.

"Ni wewe?"

"Ni mimi."

"Penitito kakupa nini?"

"Hajanipa kitu. Sikitaki cheo, dada. Hotuba, vikao, kusuluhisha walevi, mimi siwezi. Mimi ni mtu wa magimbi."

"Si ungesema!"

"Nilisema. Mwezi wa pili, mjomba akiwa bado mgonjwa, nilisema, ukaniambia ninyamaze. Siku ya mazishi ya mjomba nikasema tena, ukaniambia kuku wako wana akili kuliko mimi. Mara ya tatu sikuthubutu."

"Kwa hiyo ukaniibia jina langu."

"Ndiyo."

Fuatino aliokota gimbi akamtupia. Lilimpata begani, naye hakusogea. Alimchukia. Alimchukia kwa kumwogopa kiasi hicho, na alijichukia yeye mwenyewe zaidi, maana kila alichosema kaka yake kilikuwa kweli.

"Ijumaa utasimama mbele ya ukoo useme," alimwambia.

"Nikisema, nimemvunjia dada yangu heshima mbele ya watu wote. Watanifukuza kijijini, mimi na wanangu."

"Unastahili."

"Ninastahili, dada."

Ijumaa saa nne ukoo ulijaa nyumbani kwa Pelenatete. Fuatino alikaa katikati na simu yake, barua kwa mahakama ya kurudisha pingamizi imeshaandikwa, imebaki kubonyeza tu. Walimkemea kwa zamu. Mmoja alimwita nyoka, mwingine mgumba, na wa tatu alirudia yote mawili kwa kukosa jipya.

"Basi!" Pelenatete alisema. "Jibu, tusikie. Umedukuliwa au umetuuza? Kama umedukuliwa, mtaje mwizi, tumalizane naye sasa hivi."

Fuatino alimgeukia kaka yake, aliyekaa karibu na nguzo, mkewe ubavuni. Alimpa muda. Watu walikohoa, mtoto alilia akanyonyeshwa, saa ya nguzoni ikasogea. Aukuso alitazama mkeka.

"Niliandika mimi," Fuatino alisema.

Kelele zilizuka. Shangazi alizipandia juu. "Kwa nini? Kaka yako amekukosea nini?"

"Aukuso hafai. Hajui kusema mbele za watu."

Wote wakamgeukia Aukuso, wakimngoja ajitetee. Midomo yake ilicheza.

"Toka," Pelenatete alimwambia Fuatino. "Usikae tena kwenye kikao chetu, wala usituandikie chochote."

Alitoka. Barua aliifuta akiwa njiani kuelekea barabarani, kabla hajapata nafasi ya kubadili mawazo. Kisha akasimama, akageuka, akaitazama ile nyumba iliyo wazi pande zote. Alimwona kaka yake vizuri kabisa, naye kaka yake alimwona. Alisubiri dakika moja, labda mbili. Aukuso alibaki alipokaa.