Kofia ya Manyoya Iliyoachwa Bujumbura

Sikuondoka Kasulu kwa kupenda matembezi. Nilitumwa na kaka yangu Bonifasi, mzee wa kanisa na bingwa wa kuchambua nasaba za watu wengine. Binti yake Leokadia alikuwa amepata mchumba, Kosta, muuza dagaa wa Katonga kando ya ziwa, na kwetu shangazi ndiye huenda kuuchunguza ukoo wa mwanamume kabla posa haijajibiwa. Mwanzoni kaka alikataa katakata. Kosta aliingia nchini na babu na bibi yake pamoja na wakimbizi wa Burundi, na kaka alisema damu ya mtwale haichanganywi na watu wa kupewa mahema. Babu yetu alikuwa mtwale, yaani alitawala vilima vitatu kwa niaba ya mwami, mfalme wa enzi hizo, na kaka bado anatembea kama aliyerithi vyote vitatu.

Kisha Leokadia akaleta picha aliyopewa na Kosta. Ilikuwa nakala ya mchoro wa mzungu mwenye ndevu hadi kifuani, amevaa joho na kofia ya manyoya ndefu kama mtungi. Huyo, alisema, alikuwa babu wa mababu wa Kosta, na alikuwa mtawala huko Romania. Kaka aliishika picha mpaka chai yake ikapoa. Mkimbizi aliyekataliwa Jumatatu, Jumatano akawa mwana wa mfalme, na kufika Jumapili nusu ya kanisa walikuwa na habari.

Nikapewa masharti. Nirudi na uhakika wa ufalme, la sivyo posa irudishwe. Na nisile wala nisinywe kwao kabla sijaridhika, maana kwetu shangazi akishaonja kitu cha wakwe, amekwisha kumtoa binti. Leokadia alinisindikiza kituoni. Aliushika mkono wangu na hakuwa na haraka ya kuuachia.

Saa nne asubuhi nilikuwa Mwandiga. Kwa kuwa nilijua njaa inayonisubiri, nilinunua ndizi mbivu nikala tano nimesimama, bila aibu, kisha nikaendelea mjini na moja kwa moja hadi Katonga.

Katonga nilimkuta Kosta akigeuza dagaa juani. Nilimkagua kutafuta dalili za ufalme, nikaona magamba ya samaki mpaka kwenye viwiko. Ana pua ndefu ya kizungu na macho ya Kirundi, na heshima zake hazina kasoro. Nilipomuuliza habari za ukoo aliendelea kugeuza dagaa.

"Shangazi, mambo ya ufalme muulize babu," alisema. "Mimi Leokadia nilimpata kwa dagaa. Picha nilimpa tu ajue nimefanana na nani."

Siku ya pili, Kibirizi, nilipanda boti ya kwenda kaskazini. Ilijaa magunia, majiko ya mkaa na mbuzi mmoja aliyesafiri kwa utulivu kunishinda. Tulipopita Gombe nyani walikuwa wamekaa ufukweni wakitafutana chawa, nami nikamkumbuka kaka yangu, Mungu anisamehe. Kichwa kiliniuma kwa jua na koo lilikuwa limekauka.

Mwamgongo tulifika alasiri. Babu yake Kosta, Mzee Aleko, alinipokea mlangoni akiwa na fimbo na shati lililofuliwa hadi rangi ikakimbia. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia kwa Kiswahili cha Bujumbura kisicho na haraka. Nyumba ni ya udongo, waliyopewa na ndugu za mkewe, Bibi Venansia, waliokuwa wamehamia huko zamani. Bibi alikwishakaanga samaki waitwao migebuka, na katikati ya chumba aliweka mtungi wa urwarwa, pombe ya ndizi, mirija miwili ikiwa imechomekwa. Nilisema nimeshiba. Tumbo langu likanguruma, na wote wawili wakajifanya hawakulisikia.

Nikaanza kazi niliyotumwa. Niliuliza kama kweli ukoo wao ulikuwa wa wafalme. Bibi Venansia alijibu haraka, "Ego, ndiyo, wafalme kabisa," akamkazia macho mumewe. Yeye alikwishajua kilichonileta. Mzee alimtazama kwa upendo, kisha akayakana maneno yake.

Alisema mababu zake walikuwa Wagiriki wa Istanbul, wakalimani wa Sultani wa Waturuki. Sultani alikuwa na nchi mbili za Kiromania, na kila moja ilihitaji mtawala wa kukusanya kodi. Kiti hicho hakikurithiwa wala hakikupigiwa kura. Kilinunuliwa. Mkono mtupu haulambwi, hata Istanbul. Aliyetoa zawadi nono alivishwa ile kofia, akaenda kuwakamua wakulima ili arudishe alichotoa, na kabla hajashiba mwingine alikuwa ametoa nono zaidi. Yule wa kwenye picha alitawazwa mara tatu na kufukuzwa mara tatu. Ndugu yake mmoja alichelewa kuondoka, akakatwa kichwa. Wajukuu wakaoa Waromania, wakawa mabwana wa mashamba na kusahau kwamba waliwahi kuwa wageni. Kisha ikaja serikali nyingine, ikachukua mashamba, na baba yake akatoroka na mtoto mmoja na sanduku moja. Mtoto huyo ndiye yeye mwenyewe, aliyekuja kufungua duka la vitenge Bujumbura.

"Mwanangu," akasema, "ukoo wetu umekimbia miaka mingi kuliko ulivyotawala. Ukitafuta wakimbizi wa asili, ndio sisi."

Niliuliza lilipo sanduku. Alicheka, akasema lilikuwa na ile kofia yenyewe, imeliwa na nondo upande mmoja. Siku walipokimbia Bujumbura, Kosta akiwa bado mdogo amefungwa mgongoni kwa bibi yake, yeye alikuwa na mikono miwili tu. Alilitazama sanduku, akautazama mfuko wa unga, akabeba unga.

Bibi Venansia alikuwa ameinamisha kichwa. Mzee akaniuliza taratibu, "Ukimwambia kaka yako hivyo, atamkataa mjukuu wangu?"

Nikasema huenda. Sikuweza kumdanganya mtu aliyekataa kunidanganya.

"Basi mwambie hivyo hivyo. Asije akaoza binti kwa kofia."

Niliona haya. Nilikuwa nimekuja kumpima mzee huyu, na yeye peke yake katika habari hii yote ndiye aliyekuwa hajipimi kwa marehemu. Nikauvuta mtungi, nikashika mrija, nikanywa. Bibi Venansia alijua maana yake, maana mila hiyo wanayo pia. Aliketi sakafuni palepale akalia. Nilikula migebuka minne.

Siku ya nne, Kasulu, nilimkuta kaka amewaita wazee wawili wa kanisa waje kusikia. Leokadia alikuwa dirishani kwa nje, anajifanya anaanua nguo.

"Sema," kaka akaniambia. "Ni wafalme au ni wakimbizi?"

"Wote wawili," nikasema, "kama babu yetu."

Wazee wakageuka kumtazama. Nikawakumbusha, kwa kuwa hakuna aliyependa kulisema jambo hilo, kwamba vilima vitatu alipewa babu baada ya kumpelekea mwami ng'ombe, na kwamba jirani alipopeleka ng'ombe wengi zaidi, babu alivuka mto Malagarasi usiku ule ule akiwa na blanketi moja. Alipokewa na watu asiowajua. Walimpa shamba, wakampa na mke, na mke huyo ndiye bibi yetu. Kama wale watu wangetuma shangazi wa kuchunguza ufalme, kaka yangu asingezaliwa.

Kaka aliwapa wazee mgongo. Kisha akauliza kama nilikunywa.

"Nilikunywa."

Nje nguo zilianguka chini, na hakuna aliyekwenda kuziokota. Wazee wakaanza kupongezana, wakasema posa ni ya baraka. Kaka akaniinamia sikioni ili wasisikie.

"Na ile kofia? Hawawezi kuja nayo siku ya harusi?"

"Iliachwa Bujumbura, kaka. Mikono yao ilijaa unga."