Ujumbe wa Sifuri

Jamani, nichekeni tu. Shangazi Mariama anauza tiketi za boti za kwenda kisiwa cha Nosy Be pale bandarini Antsahampano, nami nilimwandikia programu ya kompyuta nikiwa kwangu Mahajanga. Niliijenga juu ya maktaba ya lugha ya C, yaani vipande vya programu vilivyoandikwa tayari na wengine, ambayo kila kosa hulitaja kwa namba, nami kila namba nikaitafsiri kwa Kimalagasi chetu: karatasi imekwisha, waya umechomoka. Sifuri maana yake hakuna kosa, nikajua haitaonekana kamwe. Basi, nikikumbuka Shangazi anavyogonga vitufe kama anatwanga kisamvu, nikaiandikia kwa utundu: "Mashine ni nzima. Mbovu ni anayebonyeza."

Nilichosahau ni kwamba namba ya kosa ukishaisoma inajifuta, inabaki sifuri. Programu yangu iliisoma mara mbili: kwanza kuihifadhi, kisha kuitafsiri, na mara ya pili ikakuta sifuri.

Siku ya kwanza tu, nami nimesafiri kuja kuiona ikifanya kazi, karatasi ikaisha, abiria wamejaa dirishani. Shangazi akasoma kioo cha kompyuta kwa sauti, neno kwa neno. Kisha akaniachia kiti.

"Njoo ubonyeze wewe, mwanangu, uliyesoma."

Nikabonyeza. Safari hii abiria ndio waliosoma kwa sauti, na wallahi walisema kweli.